Mguu Unaungua, Mimi Naimba

Asalamu alaikum, mama zangu. Na ninyi ndugu Wakristo mliokaa upande ule, amani iwe kwenu. Mnisamehe nikisimama nimeegemea kiti, mguu huu bado unachoka. Nimetoka Arua asubuhi, na njia nzima mpaka hapa Koboko nilikuwa najiuliza nitasemaje jambo hili mbele ya watu. Basi nianze na aibu yenyewe.

Ugonjwa wa sukari niligunduliwa nao miaka mitano iliyopita. Nikapewa vidonge, nikaambiwa kila siku, asubuhi na jioni. Mimi nikavimeza siku nikijisikia vibaya tu. Chai yangu ilikuwa vijiko vinne, na mwenyeji akinipunguzia nilimwuliza kama ananifukuza. Mnacheka, lakini wenzangu nawaona humu.

Kisha nyayo zikaanza kufa ganzi. Mimi nasuka vikapu, nakaa chini siku nzima, nikasema ni kukaa tu. Siku moja nilifika sokoni na kandambili moja, ya pili ilichomoka njiani nisijue. Nikacheka na wenzangu. Ndugu zangu, nawaambia, halikuwa jambo la kucheka.

Wanawake wa Kinubi mnajua dukhani. Ninyi wengine niwaeleze: ni shimo dogo uani, unatia makaa na vipande vya mti wa harufu, unakaa juu yake kwenye kigoda umejifunika blanketi, moshi unaingia mwilini. Mume akirudi safari ndefu, mke hujiandaa hivyo. Wangu anaendesha lori la Juba, alikaa huko mwezi mzima, siku hiyo akapiga simu kwamba amevuka mpaka. Basi nikakaa juu ya moshi wangu, miguu kandokando ya shimo, naimba. Tangu ujana nikisogea karibu mno, joto lenyewe linanionya, najivuta. Safari hii halikuniambia kitu.

Nikasikia harufu ya nyama. Nikadhani jirani anachoma. Wifi yangu akatoka jikoni.

"Nani nachoma nyama hapa?" akauliza. Akainua blanketi, akapiga yowe. "Mama yangu! Iko mguu yako! Toa! Toa mguu!"

Kidole kidogo na ukingo wa mguu vilikuwa juu ya makaa. Nilivitazama kama mali ya mtu mwingine. Sikuumia hata kidogo, na hapo ndipo hofu iliponishika, maana mtu akiungua hulia.

Nikaficha. Nikapaka asali, nikavaa soksi, nikamwambia mume nimejikwaa. Wifi nikamkataza kusema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo nilikuwa naijua vizuri sana. Siku ya sita soksi iligandamana na kidonda, wifi akavunja amri yangu, akamwambia kaka yake. Mume wangu aliuinua mguu kwa mikono miwili, akauona, akaurudisha chini taratibu. Hakunigombeza. Alitoka kuita bodaboda.

Hospitalini daktari alichora mstari kwa kalamu juu ya kifundo. Akasema uvimbe ukivuka hapo, mguu unakatwa. Siku tatu niliukodolea macho mstari ule. Kitanda cha jirani alilala mama aliyekatwa wake, akaniomba nimkunie mguu usiokuwepo. Jamani, niliogopa! Niliogopa hata kula. Sindano zote walizonidunga, sikuuliza hata moja ni ya nini.

Mstari haukuvukwa, alhamdulillahi. Wakachukua kidole kimoja. Nesi aliyenisafisha kidonda akaniambia, "Mama, mguu yako iko bubu sasa. Haitaita wewe tena. Lazima wewe mwenyewe naenda kuangalia yeye kila siku." Neno hilo ndilo lililonigeuza.

Leo vidonge nameza hata nikiwa mzima. Chai nanywa bila sukari, na enyasa, ugali wetu, nakula donge la ngumi moja, ngumi nyingine mboga. Sitembei pekupeku, maji ya kuoga nayapima kwa kiwiko. Dukhani nimeacha, mume anasema nanukia vizuri hivyo hivyo. Ni mwongo, Mungu ambariki. Kila jioni kabla ya magharibi anaiweka miguu yangu mapajani mwake, anaangalia nyayo na kila katikati ya vidole. Akiwa safarini, wifi huifanya kazi hiyo. Na bado naogopa. Akikawia kidogo tu mahali pamoja, namwuliza ameona nini.

Namshukuru mume wangu, namshukuru nesi yule, na zaidi wifi yangu aliyekataa kunitii. Sina elimu ya kuwapa zaidi ya hii: macho yako hayafiki chini ya unyayo wako, kwa hiyo tafuta mtu, na usimwonee haya.

Chai iko tayari, naiona. Ingoje. Kwanza vueni viatu, kila mtu amtazame jirani yake. Wewe mama wa hapo mbele, tangu nianze kusema unaficha miguu chini ya kanga. Najua, mama. Hata mimi niliogopa. Lete hapa, nianze na wako.