Bomba la Ticha Linapiga Shoti

Benchi letu liko chini ya jengo la ghorofa nne lililochujuka rangi, kati ya cherehani yangu na mlango wa ngazi. Wenyewe ni watatu. Mimi ni wa nne kwa sababu tu sina pa kuhamishia cherehani. Faili, karani mstaafu wa masjala, huja na chupa yake ya kahawa na vikombe. Volti hutengeneza redio, na kwa kuwa redio ina waya, anajihesabu fundi umeme. Ticha anafundisha hesabu na amepanga ghorofa ya tatu. Jumamosi ile alishuka saa nane mchana, vifungo vya shati vimepishana, akakaa ukingoni kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

— Kuna nini, Ticha? nikamuuliza.

— Mama mkwe kaja leo asubuhi. Sasa hivi amelala. Akiamka ataoga.

— Si aoge, akasema Faili. Kwani maji yamekatika?

— Maji yapo. Bomba ndilo linapiga shoti.

Ndipo akatueleza. Miezi mitano sasa, tangu hita ya maji ianze vituko, ukigusa bomba la bafuni unatetemeka hadi kiwikoni. Wao, yeye na mkewe na watoto, wameshajipanga. Bomba wanalifungua kwa mwiko wa mbao, na ndala hazivuliwi hata uwe na sabuni usoni. Friji nayo imeiga tabia hiyo, kwa hiyo inafunguliwa kwa soksi ya sufu inayoning'inia kwenye msumari. Ya mkono wa kulia, alisisitiza.

— Basi mwambie mama atumie mwiko, nikasema.

Ticha akanitazama kana kwamba nimemvunjia heshima.

— Mimi? Nimwambie mkwe wangu mambo ya kuoga? Naanzia wapi? "Mama, ukishavua nguo, ndala ubaki nazo"?

Hapo hata mimi nikainamia kitambaa changu.

— Mwachie mkeo amwambie, akasema Faili.

— Yuko kazini hadi jioni. Simu haipokei. Nilitaka kuzima umeme wa nyumba nzima, basi.

— Usithubutu, akasema Volti, akiweka kikombe chini. Umeme ukiuzima unajirundika kwenye waya. Ukija kuuwasha, unakuja wa siku nzima kwa mpigo mmoja.

— Wewe ndiye uliyeniambia hita ni nzima.

— Hita ni nzima. Shida ni ghorofa. Umeme unatakiwa urudi ardhini. Wewe uko juu sana, umeme unachoka njiani, unashukia kwa mtu yeyote aliye karibu.

— Na wa ghorofa ya nne je? Mbona wao hawapigwi?

— Wa kwao ndio huo unaokupiga wewe.

Faili akatikisa kichwa, akammiminia Ticha kahawa ya pili.

— Miaka thelathini masjala nimeona mengi. Umeme unajua watu. Mgeni haumgusi siku ya kwanza, unamsoma kwanza. Mama ataoga leo salama kabisa.

— Fundi bomba niliyemleta alipigwa dakika ya kwanza.

— Huyo alikuja na nia ya kulifungua bomba. Umeme unaona nia.

Ticha alikuwa anatazama dirisha la ghorofa ya tatu kila baada ya funda. Faili akamwonea huruma. Akatoa kalamu mfukoni mwa shati, akararua karatasi kwenye daftari langu la vipimo.

— Tunabandika tangazo mlangoni mwa bafu. "Kwa watumiaji wote." Hapo hujamtaja mtu.

— Mzee, wote humo ndani tunajua. Asiyejua ni yeye peke yake.

— Ndiyo maana nitaandika "wote". Kiofisi.

— Ongeza na mstari wa friji, akasema Volti.

Walikuwa wanabishana kama soksi iandikwe kwa jina au iitwe kifaa, mlango wa ngazi ulipofunguka. Akatoka mama mmoja mfupi, mnene kidogo, taulo begani, nywele kavu. Mkono wa kulia ameushikilia kwa wa kushoto. Ticha alisimama upesi hadi kahawa ikammwagikia kiatuni. Tukasimama wote.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Kaeni. Bomba la bafuni limenirusha, akasema, kwa sauti ya kawaida tu. Nimezima swichi kubwa pale mlangoni.

Volti akainua macho juu ya jengo, akawa anasikiliza. Hakikutokea kitu.

— Pole sana, mama, akasema Ticha. Nilikuwa nataka... tulikuwa tunaandika...

Akaficha karatasi nyuma ya mgongo. Mama hakuiuliza.

— Wajukuu wangu wanaoga bafu lilelile?

— Ndiyo, mama. Lakini wao wameshazoea.

— Wamezoea nini?

Faili alikuwa anakirudisha kifuniko cha kalamu, kikawa hakiingii. Mimi nina watoto. Niliikanyaga pedali ya cherehani bila kitambaa, ili pawe na sauti yoyote.

Ticha akatoa simu. Akasogea hatua chache, tukamsikia akimwambia mtu kwamba anahitaji fundi umeme, mwenye cheti, ndiyo, leo hii. Mama mkwe akakaa pale alipokuwa amekaa Ticha. Volti, bila kuambiwa na mtu, akampisha nafasi.