Mkalimani wa Tamar

GURACHA: Haloo? Nani mwenzangu?

TAMAR: Tamar. Napiga kutoka Norwe. Nimepata ujumbe wako.

GURACHA: Ah, Daktari! Habari za kupima barafu?

TAMAR: Inazidi kuyeyuka. Mama yako, Mama Abdia, hajambo?

GURACHA: Mzima, alhamdulillahi. Na watu wenu wa Wenje wazima. Lakini huku Garsen— [mkwaruzo]

TAMAR: Sema tena, laini inakwaruza.

GURACHA: Ng'ombe wamekufa. Kule bondeni, upande wa Kipini. Mto umepungua, bamvua, yale maji makuu, likasukuma bahari mpaka ndani. Wakanywa chumvi.

TAMAR: Walifuata nini bondeni?

GURACHA: Si walihamia huko. Baada ya ule mkutano wako wa Minjila.

TAMAR: Mkutano ambapo niliwaambia wasihamie?

GURACHA: Unajua, dada, Kiswahili chako siku ile kilikuwa cha vitabu. Wazee wa Kiorma—

TAMAR: Ndiyo maana ulisimama kunitafsiria. Nilisema barafu inayeyuka, bahari inapanda, mto ukikosa nguvu chumvi itaingia bondeni. Wewe ukawaambia nini?

GURACHA: Niliwaambia umepima.

TAMAR: Halafu?

GURACHA: Halafu... maneno yalikuwa mengi bana, nikafupisha.

TAMAR: Ng'ombe wako wamekufa?

GURACHA: Wangu?

TAMAR: Wako, Guracha.

GURACHA: Wangu sikuwapeleka. Nilikuwa na shughuli shughuli.

TAMAR: Hii namba ni ya wapi?

GURACHA: Ofisini. Shamba la Mheshimiwa Mahadi, hapa Minjila. Mimi ndio msimamizi siku hizi.

TAMAR: Minjila hapo juu? Walipokuwa wakichungia?

GURACHA: Palibaki wazi, dada. Hakukuwa na mtu.

TAMAR: Hakukuwa na mtu.

GURACHA: Sasa sikia, kuna kitu nataka unisaidie. Wazee wako nje. Wanasema msichana wa Wenje ndiye aliyewaambia wahame, ndiye amewamaliza. Hii simu ina spika. Niwaite, uwaambie bahari ilipanda ghafla, hata wataalamu hawakujua. Kidogo tu.

TAMAR: Niseme nilikosea.

GURACHA: Wewe uko mbali, watakufanya nini? Mimi naishi nao.

TAMAR: [mlio wa kadi]

GURACHA: Daktari? Upo?

TAMAR: Nipo. Nakumbuka nilivyokula sahani moja na wewe kwa mama yako.

GURACHA: Usiseme hivyo, mimi ni ndugu—

TAMAR: Waite.

GURACHA: Utawaambia?

TAMAR: Waite, kadi yangu ya simu inakwisha.

GURACHA: Asante, dada. Mungu akuweke. [hatua, viti vikiburutwa] Haya, wanakusikia.

TAMAR: Wazee wangu, asalaam aleikum. Nani hapo anajua Kiswahili na Kiorma vizuri?

UBAH: Waaleikum salaam. Mimi Ubah, mwenye duka la nafaka. Siku ya mkutano nilikuwa safarini Madogo. Bondeni nimepoteza ng'ombe wote.

TAMAR: Pole sana, mama. Nataka uwatafsirie.

GURACHA: Hakuna haja, mkalimani ni mimi—

TAMAR: Mama Ubah ndiye nimemwomba. Mama, waambie hivi: siku ile nilisema msihame. Nilisema chumvi itafika bondeni. Aliyewaambia mhame ni Guracha, na ng'ombe wake hakuwapeleka.

GURACHA: Tamar, acha hayo— Laini mbaya, wazee, laini—

UBAH: Ondoa mkono kwenye simu. [anawatafsiria kwa Kiorma]

TAMAR: Mama?

UBAH: Nimewaambia. Mzee mmoja ametema mate mlangoni. Mzee Dabaso anauliza, hiyo bahari itarudi nyuma?

TAMAR: Hapana. Mwambie mzee haitarudi. Itazidi kuja, pole pole.

UBAH: [Kiorma] Anasema basi hakuna njia, ni kurudi huku juu.

TAMAR: Mheshimiwa amepaziba?

UBAH: Ua wa miiba. Vijana wameshaanza kuubomoa, nawaona dirishani.

TAMAR: Na Guracha?

UBAH: Ametokea mlango wa nyuma. Hakuna aliyemfuata. Mzee Dabaso amekaa kwenye kiti cha Guracha, anasema uwasamehe, walikutukana bila kujua.

TAMAR: Mwambie sina kinyongo naye. Mwambie mimi mwenyewe nitakuja, nita— [mlio wa kadi] inakatika, mama, nita—

UBAH: Haloo? Binti? Haloo?