Kendi, Aliyeikataa Bunduki Sebuleni Mwake

Marehemu Kendi alizaliwa Nkubu, Meru, tarehe 14 Aprili 1956, binti wa pili wa Mzee Zachariah na Mama Rahab. Alisoma kwao hadi kidato cha nne, kisha akafuzu uuguzi Nairobi mwaka 1978. Tangu utotoni hakujua kuficha kinyaa. Mboga ikiwa na mchanga, uso wake ulisema kabla ya mdomo.

Alifika Minneapolis, Marekani, mwaka 1984, akaajiriwa katika idara ya dharura hospitalini. Mwaka 1986 alifunga ndoa na Solomon, wakajaliwa mtoto mmoja, Eric. Waliishi Richfield, kando ya jiji hilo.

Mwaka 1993 Solomon alinunua bunduki ya kuwindia kulungu, ile ya kizamani yenye wenzo chini: ukiushusha na kuurudisha, risasi nyingine inaingia. Aliitundika sebuleni. Jumapili baada ya ibada wanaume waliipokezana, wakichezesha wenzo ili tu wasikie mlio wake, wakisifu umbo lisilochuja kwa miaka mia. Kendi aliwamiminia chai amekunja uso.

"Mnaibembeleza kama mtoto mchanga," aliwaambia. "Mnanitia kichefuchefu."

Novemba 1995 aliletwa hospitalini mwindaji aliyepigwa risasi na nduguye kwa bahati mbaya, kwa bunduki ya aina hiyo hiyo. Alifia mikononi mwa Kendi. Aliporudi nyumbani, Kendi alikuta wageni wakiikoki ile ya Solomon. Alikimbilia sinki, akatapika.

"Mama Eric, haina risasi," Solomon alisema.

"Nduguye mwindaji aliyenifia leo naye alisema hivyo hivyo."

Alimchukua Eric, wakahamia kwa dada yake Lois, Apple Valley. Alirudi baada ya Solomon kuitoa sebuleni, kumbe alikuwa ameificha kwenye gereji ya nyumba yao. Kendi alipogundua, hakukanyaga tena gereji. Aliegesha gari nje na kulipangusa theluji mwenyewe.

Machi 1997 aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti. Solomon akaahidi kuiuza bunduki.

"Usimuuzie mtu uchafu wako," Kendi alimjibu.

Januari iliyofuata Solomon aliipeleka kwa fundi wa kuchomelea, Champlin, ikakatwa vipande mbele ya macho yake. Alirudi akamweleza mkewe.

"Umechelewa," Kendi alisema, akamsogezea mkono. "Lakini kaa hapa."

Alituaga tarehe 9 Februari 1998, Solomon akiwa kando yake. Ameacha mume, mwana wao Eric, mama yake Rahab na dada yake Lois.

Bwana ampumzishe penye utulivu.