Trekta Limekataa Mbuga

Hashimu: Haloo, duka la spea Bariadi. Naongea na nani?

Januarius: Mwangaluka, bwana Hashimu.

Hashimu: Mwangaluka. Nani mwenzangu? Sauti inakwaruza—

Januarius: Januarius wa Nkololo. Yule wa trekta dogo la Kijapani, jekundu.

Hashimu: Ahaa, bwana trekta. Mvua huko vipi?

Januarius: Mvua imemwagika. Nyumbani hawajambo? Duka?

Hashimu: Wote wazima, tunashukuru. Mbona unanong'ona?

Januarius: Niko juu ya kichuguu. Mtandao unapatikana hapa tu. Ila nimechuchumaa.

Hashimu: Umechuchumaa kwa nini?

Januarius: Nisionekane.

[Mtandao unakwaruza.]

Hashimu: Umeiba?

Januarius: Bora ningeiba, mwizi hukimbia yakaisha. Mimi nimeleta trekta shambani.

Hashimu: Limeharibika?

Januarius: Zima kabisa. Linanguruma, moshi linatoa, taa zinawaka. Kitu pekee ambacho halifanyi ni kulima.

Hashimu: Hebu nieleze taratibu.

Januarius: Basi mwone bwana Januarius huyo, anaingia shambani asubuhi na miwani ya jua, na jua lenyewe limejificha. Watu wamejipanga pembeni kama wanasubiri mbunge. Nikateremsha plau, nikakanyaga mafuta. Tairi zikazunguka, Hashimu, zikazunguka palepale, zinanirushia tope kisogoni. Nikaongeza moto. Likachimba vishimo viwili, halafu likatulia. Mzee mmoja akaja, akavitazama, akasema kama nilikuwa na nia ya kupanda migomba, basi vimekaa vizuri.

Hashimu: [anacheka] Pole. Udongo wa hapo ni luseni, ule wa kichanga, au mbuga?

Januarius: Mbuga. Mweusi, unanata mpaka unavua viatu.

Hashimu: Swali hilohilo nilikuuliza dukani.

Januarius: Najua.

Hashimu: Ukanijibu nini?

Januarius: Nikakujibu lami.

Hashimu: Nilikuwekea tairi za aina mbili. Moja ya meno marefu, kashata yake, ile mikato ya juu, unazamisha kidole. Nyingine hiyo pana, laini, nikakwambia kabisa wenzetu wanalivalisha trekta la kukatia nyasi za viwanja, ili nyasi zisiumie—

Januarius: Na mimi nikasema za meno zimekaa kishamba.

Hashimu: Ulisema.

Januarius: Trekta, mali ya shamba, nikalikataza kukaa kishamba. Nilitaka nikipita mnadani Jumapili, watu waone tairi zinang'aa. Padre mwenyewe alilinyunyizia maji ya baraka, akasifu tairi.

Hashimu: Sasa leo azima maksai wa jirani ulime, halafu tutaangalia—

Januarius: Hashimu, hapo ndipo panaponiua. Shamba si langu. Ni la mama yake Winnie.

Hashimu: La mama mkwe wako? Bibi Milembe?

Januarius: Wewe litaje tu hilo jina. Mimi mkwe siwezi.

Hashimu: Haya, endelea.

Januarius: Alikuwa na maksai wake, wazuri, wanajua kazi. Nikamtuma Winnie, maana mimi na mama hatukai pamoja tukaongea. Nikasema, mwambie mama awauze, pesa tuongezee kwenye trekta. Maksai wanakula, wanaugua, wanaibiwa. Trekta halina kwato. Nikaapa shamba lake litalimwa la kwanza kuliko hata langu. Akaniamini. Akawauza. Sasa mvua ndiyo hii, kila mtu yuko kwenye shamba lake na ng'ombe wake, nani ataacha kwake aje kwangu? Mbuga ikilowa zaidi haiingiliki tena mpaka mwakani. Mama wa watu atakula kwa kuomba, kwa sababu ya maneno yangu. Nacheka hapa, lakini moyo unauma, bwana. Unauma kweli.

Hashimu: Tulia kwanza. Uzito ulilitwisha?

Januarius: Nililitwisha. Vijana wanne.

Hashimu: Wapi?

Januarius: Juu ya boneti. Na jiwe la kusagia.

Hashimu: Mbele?

Januarius: Mbele. Si nira hukaa shingoni? Mimi nimelima na ng'ombe toka utoto, ng'ombe mwenye shingo nene ndiye anayevuta. Nikasema hili la Kijapani lina shingo nyembamba, tulinenepeshe.

Hashimu: [anacheka mpaka anakohoa] Subiri... subiri nikae. Januarius. Tairi zinazozunguka ni zipi?

Januarius: Za nyuma.

Hashimu: Ndizo zinazofanya kazi. Trekta halivuti kwa shingo, linasukuma kwa makalio. Wewe umejaza watu kichwani, makalio yamebaki mepesi, yatashika nini?

Januarius: Mungu wangu. Na wale vijana niliwapanga mmoja mmoja, wanene mbele kabisa.

Hashimu: Dawa yenyewe ni zile tairi za meno, na ndani tunazijaza maji.

Januarius: Maji? Ndani ya tairi?

Hashimu: Ndiyo, karibu zijae. Uzito unakaa chini, tairi inang'ata udongo. Tairi bado ninazo, hakuna aliyezitaka. Kesho nazipakia kwenye lori na fundi.

Januarius: Kesho mbali. Tazama wingu lilivyo... ah, wewe hulioni. Ni jeusi.

Hashimu: Basi leo jaza magunia mchanga, funga juu ya madigadi ya nyuma.

Januarius: Magunia yameondoka na wanunuzi wa pamba. Na mchanga hapa hakuna, ni tope tupu.

Hashimu: Warudishe wale vijana, wakae nyuma.

Januarius: Wamekwenda kwenye ng'ombe wao. Nawasikia wakicheka mpaka huku.

Hashimu: Hakuna mtu mwingine mzito hapo?

[Mtandao unakwaruza.]

Hashimu: Haloo?

Januarius: Yupo.

Hashimu: Basi mwite—

Januarius: Ndiyo maana nimechuchumaa.

Hashimu: Sijakuelewa.

Januarius: Mama amesikia trekta limekosa uzito. Akamtuma shemeji yangu Shija, akasema, "Mwambieni mkwe asihangaike, mimi si nipo?" Na yupo kweli, Hashimu. Mwaka juzi alipanda kwenye mizani ya pamba kwa utani, karani akamwomba ashuke polepole. Sasa amejifunga kanga, anakuja. Mbele kwenye boneti labda ningevumilia, angenipa mgongo. Lakini wewe unaniambia nyuma.

Hashimu: Juu ya madigadi, ubavuni mwa dereva.

Januarius: Ubavuni. Bega kwa bega na mama mkwe, ambaye nikimwona njiani naingia kwenye mtama mpaka apite. Sisi hatufanyi hivyo. Nisipolima nimemuua kwa njaa, nikilima nimemvunjia heshima mbele ya kijiji kizima. Niambie wewe, nichague ipi?

Hashimu: Hapo, ndugu yangu, mimi nauza spea tu—

[Mngurumo unasikika kwa mbali.]

Hashimu: Nini hicho?

Januarius: Trekta.

Hashimu: Nani amewasha?

Januarius: Ngoja ninyanyue shingo... Winnie.

Hashimu: Mkeo?

Januarius: Amekaa kwenye kiti changu. Amevaa miwani yangu. Mama anapanda madigadi ya kushoto, Shija anamsukuma. Mama mdogo wa Winnie anapanda ya kulia.

Hashimu: Safi, pande zote mbili. Mwambie asizamishe plau sana, akwangue juu juu kwanza.

Januarius: Ameshaipandisha. Hashimu, nani kamfundisha huyu?

Hashimu: Siku mlipokuja kulichukua. Wewe ulikuwa unapigwa picha, mkono kiunoni. Yeye alikuwa na fundi wangu, anauliza gia moja moja, na uzito unakaa wapi.

Januarius: Hakuniambia.

Hashimu: Ulimuuliza?

Januarius: Linatikisika... limetoka kwenye shimo. Linakwenda. Linakwenda polepole, lakini udongo unageuka. Watu wanarudi kutazama. Shamba la mama linalimwa, Hashimu. Nimefurahi mpaka machozi, na aibu nayo ipo.

Hashimu: Basi shuka, kapige makofi na wenzako.

Januarius: Nishuke niende wapi? Wanakuja upande huu, na mama yuko juu kule anaona kila kitu. Winnie ananipungia mkono nijifiche... Ngoja. Nimehamia upande wa pili.

Hashimu: Wa kichuguu?

Januarius: Ndiyo. Wakigeuza nami nageuza. Nitakizunguka mpaka shamba liishe.

Hashimu: [anacheka] Leo utalima kichuguu.

Januarius: Simu inanilalamikia, salio linaisha. Tairi zije kesho, usisahau.

Hashimu: Za meno, na maji ndani. Nije niongee na wewe kuhusu—

Januarius: Mimi usiniulize tena habari za tairi. Fundi akifika, amtafute dere—