Birika la Mchungaji Ptáčník

Tarehe 31 Machi 2025 Mchungaji Radovan Ptáčník anastaafu, baada ya kuitumikia misheni yetu ya Děčín, hapa Ucheki, kwa miaka ishirini na tisa na nusu. Katika muda huo amebatiza watu tisa. Ndiyo, tisa, na mchapaji asije akaongeza sifuri.

Alifika Septemba 1995 na mkewe, Mama Jarmila, kutoka kwao Vsetín, ambako Jumapili watu bado huenda kanisani. Huku kwetu alipokewa vizuri, na ibadani hakwenda mtu. Watu wa maghorofa haya yanayotuzunguka hawana ugomvi na Mungu, hawamfikirii tu. Wiki ya kwanza jirani mmoja alimwambia, "Mchungaji, sisi hapa hatuamini kitu, lakini ukitaka kuazima ngazi, gonga mlango."

Akagonga. Jirani huyo ni Květoslav Bureš, fundi bomba, na ndiye aliyetufungia mabomba ya birika la ubatizo, lile la sakafuni la kuzamisha mtu mzima mzima, huku akicheka tangu bomba la kwanza hadi la mwisho.

Kila Jumamosi ya Pasaka Mchungaji hulijaza birika, hupasha maji moto, hutandika kanzu nyeupe na taulo kitini, kisha huketi kungoja. Pasaka ishirini na tisa alifanya hivyo. Mara ishirini na tatu aliyamwaga maji bila mtu kuingia, akapiga deki, akaenda zake nyumbani. Bureš hakukosa kuchungulia mlangoni: "Leo wateja wako wapi, Mchungaji?" Naye hujibu, "Wako njiani, Bwana Bureš. Basi limechelewa."

Mambo ya samaki nayo lazima niyaseme. Huku kwetu samaki wa Krismasi hununuliwa akiwa hai, akawekwa kwenye beseni la kuogea mpaka sikukuu; majirani walipobomoa mabeseni hayo na kuweka mabomba ya mvua, walikosa pa kumweka. Mchungaji akawaazima birika. Tangu hapo kila Desemba tuna samaki ishirini na kitu mle ndani, kila mmoja amefungwa uzi wa rangi ya mwenye samaki. Bibi Zdislava wa ghorofa ya nne alimzoea wake mpaka akakataa asichinjwe, tukaenda naye kumwachia mtoni. Mzee mmoja wa kanisa alilalamika hadi makao makuu ya kanisa, Praha. Mchungaji aliandika jibu la mstari mmoja, kwamba Petro naye alianzia kwenye samaki.

Novemba iliyopita kamati iliamua kwamba akistaafu, birika lizibwe kwa mbao na juu yake iwekwe meza ya tenisi. Nami nilinyoosha mkono, sitaficha. Mchungaji hakubisha. Aliomba tu tungoje Krismasi ipite, kwa kuwa majirani alikuwa ameshawaahidi. Mama Jarmila aliniambia baadaye kwamba siku hiyo mumewe hakula, alikaa jikoni akasema, "Labda nimewangojea watu ambao hawakuwa na nia ya kuja." Maneno hayo yaliniuma, maana kwa miaka kumi na saba niliyofanya naye kazi sikuwahi kumsikia akiongea hivyo.

Desemba majirani walikuja na ndoo zao, nikawaambia huu ndio mwaka wa mwisho. Bureš akatua ndoo chini.

"Mnaliziba? Na akitokea mtu?"

"Mtu gani?" nikamuuliza.

"Nitajuaje mimi? Huyo anayengojewa na Mchungaji! Akifika mtambatizia wapi, kwenye ndoo yangu?"

Baada ya siku tatu kamati ikapokea barua ya kutaka birika liachwe, yenye sahihi arobaini na moja za majirani, na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kukaa ibadani. Januari tuliufuta uamuzi, na safari hii mkono wangu ulitangulia. Mchungaji nilimsomea barua hiyo mimi mwenyewe. Alivua miwani akalia, wala hakugeuka pembeni.

Pasaka ya mwaka huu ni tarehe 20 Aprili. Yeye atakuwa Vsetín na miti yake ya matunda, miplamu, na mchungaji mpya haji mpaka Juni. Wiki iliyopita Bureš alikuja ofisini kuomba funguo za kanisa. "Msije mkanielewa vibaya, mimi siamini. Nitajaza maji tu." Akatoa kipande cha karatasi, akamuuliza Mchungaji maji yawe ya moto kiasi gani, na taulo aweke ngapi.

"Weka mbili," Mchungaji akamwambia, naye akaandika.

Mchungaji Radovan, Mama Jarmila, tunawashukuru kwa moyo wote. Nendeni salama, mpumzike, miplamu izae. Jumamosi ya Pasaka msiwe na wasiwasi na huku: maji yatakuwa tayari.

Hedvika Lišková, katibu wa misheni