Hasira Yangu Haikumla Mke Wangu

Amani ya Bwana iwe nanyi, ndugu zangu. Nawasalimu nikiwa nimeketi, na kwanza niwaambie kwa nini mimi sipigi magoti, maana jambo hili limeleta maneno mengi.

Nilipokuwa kijana nilikata mkonge kwenye shamba moja kule chini, upande wa barabara ya kwenda Taveta. Jani la mkonge lina mwiba mweusi kwenye ncha, na mkataji anayejua kazi anaondoa ule mwiba kabla hajagusa kitu kingine. Mimi nilijua kazi. Lakini siku hiyo nyapara wetu, mtu mfupi mwenye sauti ya fahali, alikuwa anapiga kelele kwamba trela inatungoja, nikasahau mwiba wa jani moja, likanichoma chini ya goti. Nikaomba ruhusa niende zahanati. Akaniambia, "Kwani unakata na goti? We endelea." Nikaendelea. Mwiba ukavunjikia ndani, goti likavimba kama boga, na tangu hapo halikunjiki sawasawa. Yule nyapara baadaye alihamia Mombasa, nasikia aliuza magodoro, sijui. Nilimchukia miaka mingi. Siku hizi simkumbuki mpaka nitake kukaa chini.

Basi kanisani kwetu, huku Mbololo, watu wote walijua habari za goti langu. Wengine wakipiga magoti mimi naketi kwenye benchi la nyuma, nainamisha kichwa, na Mungu ananisikia. Mchungaji wetu alijua. Hata watoto walijua. Hakuna aliyeniuliza kitu mpaka alipokuja yule mtu.

Nitamwita hivyo, yule mtu. Wengine walimwita Nabii. Alikuwa anahubiri Voi mjini, hemani, na mchungaji wetu alipokwenda safari ya matibabu wazee wa kanisa wakamwalika apande kwetu kwa wiki moja ya maombi. Wiki moja ikawa mwezi. Alikuwa na koti la rangi ya maziwa, na sitasema mengi juu ya koti, koti halina kosa.

Lakini muelewe tulivyokuwa, ndugu zangu. Ndovu walikuwa wameingia shambani kwetu msimu wa kwanza wakala mahindi. Msimu wa pili tukapanda pojo, tukasema labda pojo hawataipenda. Waliipenda. Mke wangu, Mama Wakio, alitoka kupiga sufuria awafukuze, akajikwaa kwenye jiwe, kidole cha mguu kikapasuka. Mtu mwingine angepona. Yeye ana ugonjwa wa sukari, anameza dawa kila siku, na kidonda cha mtu wa sukari hakina haraka ya kupona. Kliniki ya Voi walimwambia akioshe, akifunge, asiache dawa hata siku moja. Alikuwa anafanya hivyo. Tulikuwa tunajikokota, lakini tulikuwa tunakwenda.

Sasa ile siku ya kwanza yule mtu akasema wote tupige magoti. Wakapiga. Akaniona mimi.

"Wewe mzee wa nyuma, magoti yako yamekatazwa na nani?"

"Na mwiba wa mkonge, mtumishi," nikamjibu.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akashuka mpaka kwangu, akaweka mkono kichwani pangu, akasema kwa kipaza sauti: "Mzee huyu ana hasira na Mungu. Hasira yake ndiyo imewaita ndovu. Hasira yake ndiyo inamla mke wake mguu."

Kicheko kikakatika hapo hapo. Na habari ya mguu wa mke wangu hakuhitaji malaika amwambie, maana Mama Wakio alikuwa mbele ya macho yake na kandambili moja na bendeji.

Kwa wale msiokuwa Wadawida, yaani Wataita, niwaeleze kwa nini neno lile lilinichoma. Wazee wetu walikuwa wanaamini hivi: mtu mzima wa nyumba akiwa na hasira moyoni, hata kama hajaisema, ile hasira inaweza kumshika mtu wake wa karibu akaugua. Dawa yake ni kutasa. Mzee anatia maji mdomoni, au pombe ya miwa, anayapuliza nje, na anasema wazi kwamba hasira imetoka, fulani apone. Babu yangu alifanya hivyo, baba yangu alifanya hivyo. Mimi nimebatizwa, nimeokoka, nina zaidi ya nusu ya maisha yangu ndani ya kanisa, na bado jambo hili limo ndani ya mifupa. Ukiniambia nimeiba nitakucheka. Ukiniambia hasira yangu inamla mke wangu, sitalala.

Na hasira nilikuwa nayo. Nani asingekuwa nayo? Umelima, umepalilia, unaamka unakuta shamba limekanyagwa kama uwanja wa mpira.

Basi nikaanza kujichunga. Nikawa natabasamu kwa watu, natabasamu kwa mbuzi. Mtu akiniuliza habari za shamba nasema ni baraka tupu. Nilifunga kula, nikaomba moyo mweupe, na kadiri nilivyojikaza ndivyo kile kitu kilivyozidi kuchemka ndani. Na watu wakaanza kuniogopa. Jirani mmoja, mama ambaye amekula kwangu mara nyingi, alimkataza mkaza mwanawe kupita uani kwetu na mtoto mchanga. Alimwambia kwa sauti, nasikia: "Zunguka kule juu. Kwa Mzee Mwadime mtoto atashikwa." Mimi, ambaye nilimchongea mumewe jeneza.

Ndugu zangu, hapa ndipo inaponiuma hadi leo. Yule mtu alikuwa na kikao cha akina mama peke yao. Huko akawafundisha kwamba dawa ni mashaka, na mwenye imani aiweke kikapuni mbele. Mimi sikuwepo. Nilichoona ni kwamba Mama Wakio amechoka, anakunywa maji mtungi mzima, anasinzia akiwa anachambua mboga. Halafu nikasikia harufu ya ule mguu.

"Mama Wakio, dawa zako ziko wapi?"

"Nimeziacha kwa mtumishi."

"Kwa nini?"

Akavuta mboga zake. Kisha akasema, "Walikuwa wananitazama wote, Baba Wakio. Nikaona nikipona bila dawa watanyamaza juu yako. Watasema kumbe yule mzee hana kitu."

Alikuwa tayari kupoteza mguu ili mimi nisisemwe. Mwanamke ambaye tumeishi naye tangu nikiwa na meno yote. Na yule mtu alijua anachochukua, maana dawa zile zilikuwa ndani ya mfuko wa kliniki. Aliwaona akina mama wanalia wanaweka, akasema haleluya. 

Mke wangu akanitazama. "Sasa una hasira?"

"Sina."

"Usinidanganye. Masikio yako yanacheza."

"Nikiwa nayo wewe utazidi kuumwa."

"Mimi naumwa sukari, mzee. Hiyo hasira unaificha umtunzie nani? Mungu ataishi nayo, haogopi. Itoe."

Akajiinua kwa fimbo yake, akachota maji kwa kata, akaniletea. Ilikuwa saa za mchana, jua kali, kuku wanakimbilia kivulini. Nikasimama katikati ya uwanja nikaita jina la Yesu Kristo. Nikamwambia yote. Nilimwambia kwamba ndovu ni wake na mahindi yalikuwa yangu. Nilimwambia nimekuja nyumbani kwake kila Jumapili na goti bovu, na amemwacha mtu mwenye kipaza sauti anitukane humo humo ndani. Nilimwambia kama ananitaka mimi anichukue mimi, mguu wa huyu mama haujamkosea. Nililia kama mtoto, majirani wakachungulia, sikujali. Nilipomaliza nikatia maji mdomoni, nikayapuliza, nikasema, "Hasira yangu hii hapa, Bwana, iko mikononi mwako. Mama Wakio na apone."

Mke wangu akasema amina. Halafu akasema, "Sasa tafuta pikipiki."

Kuna watakaosema nilirudi kwenye mila. Wacha waseme. Najua nilimwita nani, na najua aliyeitika. Hakunigonga kwa radi. Kifua kilifunguka, nikaona kitu ambacho ningekiona mapema kama nisingekuwa nashughulika na kutabasamu: mgonjwa anapelekwa hospitali. Ulikuwa ni woga tu ulionifunga, na woga ule ulikatika pale uani.

Tulishuka Voi, yeye katikati, mimi nyuma namshikilia, mguu ukiwa umefungwa kwa kanga. Daktari, binti mdogo kuliko Wakio wetu, akautazama akauliza, "Nani alimwambia aache dawa?" Nikainamisha kichwa kwa aibu ya kanisa langu. Walikata vidole viwili. Mguu ukabaki. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu ungeenda mguu wote, na pengine mwenye mguu.

Nitoe shukrani hapa, maana nikishaanza kueleza Jumapili ile nitasahau. Namshukuru Mungu aliyevumilia maneno yangu bila kuninyamazisha. Nawashukuru wale manesi wa wodi ya akina mama. Nakushukuru wewe kijana wa bodaboda uliyekwenda polepole kwenye makorongo. Na wewe unayesoma, ambaye umeelemewa na shida na watu wanakuambia shida ni ushahidi kwamba huna imani, nakwambia huo ni uongo. Nilikuwa na imani nikiwa na njaa. Nilikuwa na imani nikiwa na hasira. Mtegemee Bwana, mwambie mambo yako kama yalivyo, hata mabaya, na umeze dawa zako. Ndovu bado wanakuja kwetu, sitawadanganya. Msimu huu wamekula nusu. Nusu tumevuna, na tulikula tukiimba.

Sasa Jumapili ile. Mama Wakio ametoka hospitali, amekonda lakini anatembea. Tukaingia kanisani, na mara tulipoketi yule mtu akashika kipaza sauti: "Mnamwona mama huyu? Niliomba, na Bwana amemponya. Mzee, simama utoe ushuhuda."

Nikasimama nikasema ushuhuda. Nilisema habari ya kikapu, na vidole viwili, na nani alivikata na kwa nini.  Yule mtu akatabasamu, akasema, "Mnasikia? Bado ni ile hasira yake."

Nilitaka kumjibu, lakini mke wangu alinishika koti. Alikuwa amekuja na beseni lake, maana saa zile ndizo za kuosha kidonda na manesi walimwambia asikose. Akamwomba shemasi amletee maji ya moto yaliyochemshwa kwa chai ya wazee. Akaketi kwenye kiti cha mbele kabisa, akafungua bendeji taratibu, akaweka mguu wazi. Ulikuwa bado mbichi, na harufu haikuwa imeisha.

"Mtumishi, mwanangu," akamwambia, kwa upole, kama anavyosema na wajukuu. "Bwana wetu aliosha miguu ya watu. Wewe umeuombea sana mguu wangu. Njoo basi uuoshe, chumvi ninayo hapa."

Yule mtu akautazama ule mguu. Nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona. Akatazama beseni, akatazama watu, na watu walikuwa wanamngoja kwa heshima, wengine wamesogea mbele waone. Akaweka kipaza sauti juu ya meza. Akasema, "Nakuja."

Akatoka kwa mlango wa pembeni. Tulidhani amekwenda kuvua koti. Tukangoja mpaka maji yakaanza kupoa, na yule jirani aliyekuwa akimzungusha mtoto njia ya juu akapiga magoti mbele ya mke wangu, akaanza kuosha. Mzee mmoja akachungulia dirishani. Akasema yule mtu anashuka barabara ya Voi kwa miguu, koti begani, hageuki.

Hajarudi.