Majina Kumi na Moja Ndani ya Sanda

Funga mlango, Riziki. Na wewe Sefu, acha kunipepea. Ninakufa, siungui jua.

Sikilizeni wanangu. Nyumba hii ya mtaa wa Yoba ni yenu wawili. Mkiulizwa nimekufa kwa nini, semeni ini. Msiseme malaria, maana mtaa huu kila mtu hufa kwa malaria, hata aliyepigwa risasi. Ninachoogopa ni sanduku lile. Waosha maiti watalifungua kutoa sanda yangu, na ndani ya sanda nimekunja daftari.

Nilipokuwa nachukua damu kwa ajili ya madaktari wanaotafuta chanjo ya Ukimwi, tuliwapata wanawake kumi na mmoja, kumi wa Buhinyuza kule Muyinga na mmoja wa hapa Gitega, ambao waume zao walikuwa na virusi lakini wao, miaka nenda miaka rudi, hawakuambukizwa. Huenda chanjo ikaanzia kwenye damu hiyo. Sheria ilikuwa namba za chupa za damu zikae Gitega, majina yabaki Muyinga. Lakini ilikuwa vita, njiani watu walikuwa wanachinjwa, nikaogopa kusafiri mara mbili, nikaandika yote pamoja. Msomi mzima!

Jana mmoja wa waume hao, Zuberi, alikuja kunijulia hali, ndizi mkono huu, bunduki mkono ule, akakalia sanduku lenyewe.

“Mama Sefu, ile kaye, ile daftari ya Buhinyuza, iko wapi? Mi nataka tu kuona kama jina yangu iko ndani.”

Nikamwambia sikumbuki hata nilichokula. Akacheka. Atarudi. Akilisoma na kuona ameandikwa kuwa ana virusi, atamuua mkewe kwa kumwaibisha, na waume wengine watamwiga.

Kwa hiyo litoe daftari sasa, Riziki. Kurasa za namba mpelekeeni daktari wa maabara. Majina yahifadhini moyoni kwa mpangilio wake, kama mlivyohifadhi sura madrasa, kisha yachomeni jikoni kabla maji ya kuniosha hayajachemka. Damu ikihitajika tena, nendeni mkawaulize wenyewe kwanza, ni yao.

Someni. Bahati mke wa Matata... ndiyo... endelea... Rudia, nimepitwa. Pumzi hii... Mungu awafiche na macho ya wabaya, awape vifua vya kuweka siri, awalaze salama... Kumi tayari?

Mbona unanitazama, Riziki? Soma la mwisho. Ndiyo, ni mimi.

Baba yenu hakufa kwa malaria.